Foleni isiyo na sababu, na gari linalojifunza kuituliza

Huenda umewahi kukumbana na jambo hili ukirudi nyumbani jioni kwenye Barabara Kuu ya Thika. Matatu inasimama ghafla. Mbele yenu taa nyekundu za breki zimewaka hadi pale macho yanapofika. Abiria wanaanza kubahatisha: kuna ajali, kuna lori limeharibika, polisi wamesimamisha magari. Mnasonga kidogo, mnasimama, mnasonga tena. Baada ya robo saa barabara inafunguka, dereva anakanyaga mafuta, na kila mtu anageuza shingo kutafuta chanzo. Hakuna vioo vilivyovunjika, hakuna lori, hakuna polisi.

Foleni ya aina hiyo ina maelezo yake. Maelezo hayo ndiyo yaliyowafikisha watafiti wa Japani, Ujerumani na Marekani kwenye kazi ninayotaka kuieleza hapa: kuunganisha programu za kompyuta zinazoiga trafiki na akili unde inayojifunza yenyewe, ili magari yanayojiendesha yafunzwe kuendesha kwa namna isiyozaa foleni. Niseme mapema, kwa kuwa najua maswali yatakuja, kwamba kaunti haijanunua gari linalojiendesha na makala haya hayatangazi mradi wowote. Lakini programu hizi tayari zinatumika kwingi duniani kupanga barabara na kuweka muda wa taa za trafiki. Mkazi anayeelewa zinavyofanya kazi atakuwa na la kuuliza siku mpango wa aina hiyo utakapoletwa kwake kwa maoni.

Duara la Nagoya

Mwaka wa 2008, mwanafizikia Yuki Sugiyama wa Chuo Kikuu cha Nagoya na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio rahisi sana. Walichora njia ya duara yenye mzingo wa mita 230 kwenye uwanja tambarare, wakaweka magari 22, wakawaagiza madereva waendeshe kwa mwendo wa kilomita 30 hivi kwa saa, kila mmoja akimfuata aliye mbele yake kwa usalama. Hapakuwa na makutano, taa, matuta wala mtu wa kuvuka. Mwanzoni magari yalizunguka vizuri. Baada ya muda mfupi mmoja akapunguza mwendo kidogo, wa nyuma yake akapunguza kidogo zaidi, wa tatu zaidi ya hapo, mpaka huko nyuma magari yakasimama kabisa. Aliyekuwa mbele ya foleni akaondoka, mwingine akafika mkiani. Foleni yenyewe ikawa inasafiri kinyumenyume kama wimbi, kwa kasi ya kilomita 20 hivi kwa saa, huku magari yakienda mbele.

Dereva hachelewi kwa kupenda. Jicho huona, ubongo huamua, mguu huhama kutoka kwenye mafuta hadi kwenye breki, na katika muda huo mfupi gari limeshasonga mita kadhaa. Ili kufidia, hukanyaga breki kwa nguvu kuliko aliyemtangulia. Magari yakiwa machache, nafasi iliyopo kati yao humeza kosa hilo. Yakiwa mengi na yamekaribiana, kosa dogo la mmoja hukuzwa na kila anayefuata. Aliyelianzisha huwa keshafika nyumbani na anakunywa chai.

Mwaka wa 2016 kikundi cha watafiti wa vyuo vikuu kadhaa vya Marekani, wakiwemo Daniel Work, Benjamin Seibold, Benedetto Piccoli na Jonathan Sprinkle, kilirudia duara hilo mjini Tucson, jimbo la Arizona, kikiwa na nyongeza moja. Kati ya magari yaliyozidi 20, gari moja liliweza kudhibitiwa na kompyuta. Kompyuta ilipokuwa imezimwa, wimbi lilitokea kama la Nagoya. Ilipowashwa, gari hilo liliacha tabia ya kumkimbilia aliye mbele kila anapoondoka. Lilishika mwendo wa wastani, likaacha nafasi iliyo mbele yake ipanuke na kupungua, na nafasi hiyo ikalimeza wimbi. Magari yote yaliyolifuata yalitulia, ingawa madereva wake hawakubadilisha chochote. Mafuta yaliyotumika yalipungua kwa hadi asilimia 40.

Lakini kanuni iliyoliongoza gari la Tucson iliandikwa na watu, na inafaa kwenye duara la leni moja. Barabara ya kweli ina leni nne, miteremko, mahali pa kuingilia, na watu wanaokukata mbele. Hakuna mtu anayeweza kukaa mezani akaandika kanuni ya kila hali. Watafiti wakajiuliza kama gari linaweza kujitafutia kanuni hiyo lenyewe.

Kijana mgeni wa boda boda

Njia wanayoitumia tunaweza kuiita ujifunzaji kwa tuzo. Jina ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Mfikirie kijana aliyekabidhiwa pikipiki leo asubuhi pale Juja, na mji haujui. Hakuna anayempa orodha ya mahali pa kungojea abiria. Anajaribu. Saa kumi na mbili asubuhi anasimama sokoni, hapati mtu. Kesho yake anasimama kwenye lango la chuo, anapata wawili. Saa nane mchana, lango lile lile limelala. Jioni anahesabu pesa zilizo mfukoni. Baada ya miezi miwili anajua, hata kama hawezi kukueleza vizuri, awe wapi saa ngapi mvua ikinyesha na awe wapi kukiwa na jua. Mwalimu wake ni pesa za jioni.

Kompyuta hufunzwa vivyo hivyo. Hupewa kitu cha kuona, kwa mfano mwendo wake, mwendo wa gari lililo mbele na umbali kati yao. Hupewa cha kufanya: kuongeza mwendo au kuupunguza. Kisha hupewa tuzo, yaani alama, kwa kila hatua inayochukua. Mwanzoni huendesha ovyo kabisa. Hatua zinazoleta alama nyingi huongezewa uwezekano wa kurudiwa, na zinazoleta chache hupunguziwa, mara elfu na elfu tena, mpaka itokee tabia inayoeleweka. Ugumu mkubwa ni kwamba tuzo huchelewa. Breki iliyokanyagwa sasa huenda ikaleta foleni dakika mbili baadaye, nusu kilomita nyuma, na kompyuta lazima igundue kwamba mambo haya mawili yanahusiana. Richard Sutton na Andrew Barto, walioweka misingi ya taaluma hii tangu miaka ya 1980, walitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka wa 2024, ambayo ndiyo heshima kuu katika sayansi ya kompyuta.

Kijana wetu wa boda boda akikosea, hasara yake ni mafuta na siku iliyopotea. Kompyuta inayojifunza kuendesha gari hukosea mara maelfu kabla ya kupatia, na barabarani kosa kama hilo ni ajali. Huwezi kuifunzia katikati ya Ruiru. Inahitaji barabara ambayo gari likigongana hakuna anayeumia, na ambayo siku nzima ya trafiki inaweza kupita kwa dakika chache.

Barabara iliyo ndani ya kompyuta

Mojawapo ya programu zinazojulikana sana za kuiga trafiki huitwa SUMO. Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2001 na watafiti wa DLR, Kituo cha Anga za Juu cha Ujerumani. Mimi pia nilishangaa kwamba watu wa anga za juu ndio waliohangaikia foleni, mpaka niliposoma kwamba kituo hicho kina taasisi nzima ya mifumo ya uchukuzi. SUMO ni programu huria. Yeyote anaweza kuipakua bila malipo, kuisoma ndani ilivyoandikwa, na kuibadilisha.

Ndani yake barabara ni mistari na makutano, kama ramani. Ramani hiyo inaweza kuchukuliwa moja kwa moja kutoka OpenStreetMap, ile ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, kwa hivyo mtaa wako huenda tayari umo. Kila gari huwa na mahali linapotoka, linakokwenda, urefu wake, mwendo wake wa juu na tabia ya dereva wake. Saa ya programu husonga hatua kwa hatua, kwa kawaida sekunde moja kwa kila hatua. Katika kila hatua programu huyapitia magari yote na kuamua kila moja lisonge kiasi gani. Uamuzi huo hutokana na hesabu zinazomwiga dereva: huacha umbali gani, huchelewa kiasi gani, hukanyaga breki kwa nguvu ipi. Kuna jambo moja lililonifurahisha. Katika hesabu hizo kumewekwa kwa makusudi namba ya uzembe, inayomfanya dereva wa kuigiza ateleze kidogo hapa na pale. Barabara ambayo kila dereva ni mkamilifu isingefanana na yoyote tunayoijua.

Ikiwa peke yake, SUMO hujibu maswali ya mhandisi: tukifunga leni hii kwa ukarabati wiki mbili, foleni itafika wapi? Lakini haijifunzi chochote. Nayo programu ya ujifunzaji kwa tuzo inaweza kujifunza lakini haina barabara, wala haijui gari ni kitu gani. Ilibidi pawe na mlango kati yao.

Mlango huo huitwa TraCI, na maelezo yake yalichapishwa na watafiti wa Ujerumani mwaka wa 2008. Fikiria askari wawili wa trafiki wakizungumza kwa redio. SUMO inasimama baada ya kila hatua na kungoja. Programu ya pili inauliza: gari namba 7 lina mwendo gani, na lililo mbele yake liko umbali wa mita ngapi? SUMO inajibu. Programu inatoa amri: gari namba 7, punguza hadi mita 8 kwa sekunde. SUMO inatii, inayasogeza magari mengine yote kwa hesabu zake za kawaida, inatangaza hali mpya, inasimama tena. Alama zinahesabiwa. Mazungumzo hayo hurudiwa mamilioni ya mara, na kila yanaporudiwa gari namba 7 linakuwa na akili kidogo zaidi ya lilivyokuwa.

Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, watafiti Cathy Wu, Eugene Vinitsky, Aboudy Kreidieh na wenzao, pamoja na Profesa Alexandre Bayen, waliuchukua mlango huo wakaujengea nyumba. Mwaka wa 2017 walieleza mfumo waliouita Flow, unaounganisha SUMO na programu za ujifunzaji kwa tuzo. Mtafiti anachagua barabara, anasema gari lipi lifunzwe, lione nini na lipewe alama kwa lipi. Kazi ya kuunganisha waya, tuseme hivyo, imeshafanywa.

Walianza na duara lile lile la magari 22. Gari moja, ambalo halikuambiwa lolote kuhusu mawimbi, lilijifunza kuyatuliza. Kisha wakajaribu barabara yenye umbo la namba 8, ambapo magari hukatana njia pale katikati na kusimamishana. Humo gari moja lililofunzwa lilijifunza kuyakusanya mengine yote nyuma yake katika msururu mmoja, ili yapite makutano pamoja bila kungojana. Hakuna aliyelionyesha hila hiyo. Alama ndizo zilizolielekeza.

Alama huamua tabia

Hapa ndipo naomba msomaji asimame nami kidogo, hata kama ameruka sehemu za kompyuta. Kompyuta hutafuta alama. Haitafuti kusudi ulilokuwa nalo moyoni ulipokuwa ukiziandika alama hizo.

Ukiipa alama kwa mwendo wake peke yake, itajifunza kuwabana walio mbele. Ukiipa alama kwa kutogongana tu, itagundua kwamba gari lililosimama haligongi mtu, na itakaa hapo siku nzima ikijikusanyia alama. Ukiipa alama kwa kuokoa mafuta ya gari lake, itajikokota, iache pengo kubwa mbele, na akiba yake italipwa na walio nyuma wanaosimama na kuondoka kwa sababu yake. Katika kila mfano kompyuta imefanya kazi yake barabara. Aliyekosea ni aliyeandika alama.

Watafiti wa Berkeley na wenzao wa vyuo vingine walilijua hilo walipojiandaa kwa jaribio la barabara ya kweli, chini ya mradi uitwao CIRCLES. Waliachana na duara. Walikusanya data kwenye barabara kuu ya I-24 karibu na Nashville, jimbo la Tennessee, wakaziingiza kwenye mwigo ili gari linalofunzwa likutane na foleni kama ile itakayolikuta siku ya jaribio. Alama zao zilipima mafuta, lakini hawakuishia kwenye mafuta ya gari lenyewe. Gari lilikatwa alama kwa mafuta yaliyochomwa na magari ya watu wa kawaida yaliyokuwa nyuma yake, lisije likajinufaisha kwa hasara ya wengine. Pia liliwekewa mipaka ya umbali: lisikaribie mno kwa sababu ya usalama, na lisiache pengo kubwa mno likaziba barabara au kuwakaribisha wa kukata mbele.

Mnamo Novemba 2022 waliyapeleka magari 100 kwenye I-24 katika msongamano wa asubuhi. Hayakuwa magari ya ajabu. Mengi yalikuwa Nissan Rogue, gari linalouzwa madukani, na kompyuta ilidhibiti mwendo tu kupitia mfumo wa kawaida wa kushikilia mwendo. Usukani ulikuwa mikononi mwa dereva, na mguu wake uliweza kukanyaga breki wakati wowote. Juu ya barabara kulikuwa na zaidi ya kamera 200 zilizofuata kila gari. Uchambuzi ulionyesha mwelekeo wa nishati kupungua kwa asilimia 15 hadi 20 karibu na magari yaliyodhibitiwa. Katika mwigo, hata pale magari yaliyofunzwa yalipokuwa chini ya 5 kwa kila 100, akiba ya mafuta kwa watumiaji wote wa barabara ilifika hadi asilimia 20 kwenye foleni mbaya zaidi.

Sharti la matokeo hayo ni kwamba barabara iliyoigwa ifanane na barabara itakayotumika. I-24 ilifanana na mwigo wake kwa sababu data zake zilitoka papo hapo.

Na barabara zetu?

SUMO ukiifungua tu na kuitumia ilivyo, inadhani kila gari linakaa katikati ya leni yake. Haijui matatu inayosimama kabla ya steji kwa sababu abiria amepunga mkono. Haijui boda boda inayopenya kati ya lori na ukingo, mkokoteni uliobeba magunia ya viazi, wala mama anayevuka na mtoto mgongoni pale ambapo kivuko kimefutika. Mhandisi anayetumia mwigo wa namna hiyo kupanga makutano ya mji wetu atapata jibu zuri kuhusu barabara isiyokuwepo.

Si lazima iwe hivyo. SUMO ina mpangilio unaoigawa leni kuwa vipande vyembamba, ili pikipiki iweze kupita kando ya gari kama inavyopita. Ina watembea kwa miguu, baiskeli na mabasi yenye vituo. Inaweza kusoma data za njia za usafiri wa umma, na kuhusu matatu za eneo la Nairobi data kama hizo zilikusanywa zamani. Mradi wa Digital Matatus, uliowahusisha Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya Columbia na MIT vya Marekani, uliwatuma vijana wapande matatu wakiwa na simu za mkononi, warekodi njia na steji. Ramani yake ilitolewa mwaka wa 2014, na data ziliachwa wazi kwa yeyote kuzitumia. Kinachohitaji jasho ni hesabu za mahali hasa: pikipiki ngapi hupita makutano haya saa kumi na mbili jioni, matatu hukaa steji muda gani, watu wangapi huvuka na huvukia wapi. Kazi hiyo hufanywa na mtu mwenye daftari au kamera, akiwa amesimama kando ya barabara kuanzia asubuhi.

Hata mwigo ukikamilika, suala la alama linabaki. Kabla magari yanayojiendesha hayajatufikia, mbinu hii hii ya ujifunzaji kwa tuzo hutumika kufunza taa za trafiki, na SUMO ni mojawapo ya mahali pake pa mazoezi. Tuseme taa za makutano zimefunzwa kupunguza muda ambao magari hungoja. Matatu yenye abiria 14 ni gari moja. Gari dogo lenye mtu mmoja nalo ni gari moja. Mwanafunzi anayengoja kuvuka aende shule si gari, kwa hivyo dakika zake hazimo kwenye hesabu. Kompyuta itajifunza, kwa uaminifu wote, kwamba mtu wa miguu anaweza kungojeshwa bila gharama yoyote, na itampa muda mfupi kadiri itakavyoruhusiwa. Mtu aliyengojeshwa mno huvuka taa zikiwa nyekundu kwake. Takwimu za NTSA zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba watembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi kati ya wanaofariki katika barabara za Kenya. Ukibadilisha alama zihesabu watu badala ya magari, programu ile ile, kwenye makutano yale yale, itajifunza tabia nyingine kabisa.

Kwa hivyo mtaalamu akija na michoro ya rangi inayosonga kwenye ukuta, na kusema kompyuta imethibitisha kwamba mpango wake utapunguza msongamano, usishikwe na aibu. Muulize data zake zilikusanywa wapi na mwezi gani, maana trafiki ya wiki ya shule si ya likizo. Muulize kama pikipiki na waenda kwa miguu wamo ndani ya mwigo au wameachwa nje. Muulize programu ilipewa alama kwa kitu gani. Swali la mwisho ndilo litakalomfanya akutazame upya.

Ni vizuri pia kujua swali umpelekee nani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, pamoja na usafiri wa umma wa barabarani. Barabara kuu za kitaifa, ikiwemo ya Thika, ziko chini ya mamlaka ya kitaifa, KeNHA, na baadhi ya barabara za mijini ziko chini ya KURA. Foleni haijui mpaka huo. Huanzia kwenye steji ya mji ikamalizikia kwenye barabara kuu, au kinyume chake. Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti kuwezesha umma kushiriki katika shughuli zake, na makadirio ya bajeti hupitia humo. Kikao cha maoni ndicho mahali pa kuuliza maswali niliyoyataja, na huulizwa kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote mnayoelewana.

Wenye magari hawana haja ya kungoja kompyuta. Alichokifanya gari la Tucson ni jambo ambalo mguu wa binadamu unaweza: kuacha nafasi, na kuacha kuikimbilia kila inapofunguka. Najua jibu la madereva wetu, nimelisikia kwenye matatu mara nyingi: ukiacha nafasi, mwingine anaingia. Ni kweli, na watafiti wa Nashville walikuwa na wasiwasi uo huo. Lakini anayeingia anakugharimu sekunde mbili tatu, na kila breki usiyoikanyaga ni breki ambayo watu 20 walio nyuma yako nao hawataikanyaga.

Walimu na wanafunzi wa vyuo vya kiufundi wanaweza kulijaribu jambo hili wenyewe, kwa kuwa SUMO hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani. Chora njia ya duara yenye mzingo wa mita 230. Weka magari 22, ukiiacha namba ya uzembe ilivyo, kisha ungoje. Wimbi likitokea, jaribu kulitafuta gari lililolianzisha. Kufikia wakati huo litakuwa limeshatoka kwenye foleni na linazunguka kama kawaida.